Studio ya Sebuleni

Ruhuwiko, Songea
11 Februari 2024

Mdogo wangu Domina,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimechana karatasi tatu kabla ya hii. Mkono wangu umezoea kubonyeza simu, kalamu imekuwa kitu kigeni kabisa. Tangu uiache simu yako pale mapokezi siku ile ya kuingia unovisi, kujifunza usista, mara mbili nimejisahau nikakutumia ujumbe. Nikabaki natazama alama moja ya tiki kama mjinga.

Hapa hatujambo. Noela ametimiza miaka minne na anakuuliza kila Jumapili. Anadhani umelazwa.

Sasa sikiliza habari. Nimeacha kazi studio kwa mzee Athanasi. Ndiyo, baada ya miaka mitano. Noela alikuwa anaumwa mafua kila mara, na Kajetani akasema, "Mama Noela, kwa nini umfanyie mtu mwingine kazi wakati nyumba tunayo?" Wiki hiyohiyo akaniletea kamera. Si mpya, ila lenzi yake ni safi. Nililia, Domina. Nilimkumbatia pale pale mlangoni na jirani akiona.

Basi sebule yetu ndiyo studio. Kochi kubwa tumelihamishia chumbani. Ukutani nimetundika shuka jeupe, na upande wa pili boksi la televisheni nililolibandika karatasi ya kung'aa ile ya kufungia vyakula, ili lirudishe mwanga usoni. Asubuhi dirisha la mashariki linatoa mwanga laini mpaka saa nne. Napiga pasipoti saizi, ubatizo, mahafali, familia. Kajetani amepaka bango mwenyewe, rangi ya bluu: MEKTILDA PICHA. Namba aliyoandika ni yake, anasema watu wakinipigia mimi nitashindwa kupika.

Nikushangaze? Wiki ya kwanza wamekuja wateja kumi na mmoja.

Andika. Barua zako Kajetani atazichukua mjini pale kwa masista, na zangu atazipeleka yeye, kwani ofisi yake iko jirani.

Dada yako,
Mektilda


Nyumba ya Unovisi
10 Machi 2024

Dada yangu mpendwa Mektilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimesoma barua yako mara nne, halafu nikawasomea wenzangu ile ya Noela kudhani nimelazwa. Tulicheka mpaka kengele ikapigwa.

Hapa kengele ndiyo mama na baba. Inatuamsha, inatulisha, inatunyamazisha. Tunaandika barua moja kwa mwezi, na Sista Kunegunda, mlezi wetu, anazisoma zote, zinazotoka na zinazoingia. Haifichwi, ni utaratibu. (Shikamoo, Sista, ukifika hapa.) Ni mama mrefu, haongei sana. Akikutazama unakumbuka makosa yako yote, hata yale ya darasa la pili. Wote tunamwogopa.

Dada, siku nyingine nikiwa bustanini nawaza ninyi mlioko huko nje mnavyoamka mnapotaka, mnakwenda mnakotaka. Usinielewe vibaya, niliomba mwenyewe kuja. Ila nakuonea wivu kidogo. Una mume anayekujali, mtoto, na sasa kazi yako mwenyewe. Uko huru.

Nitumie picha unazopiga. Nyingi.

Mdogo wako,
Domina


Ruhuwiko
5 Mei 2024

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Ilikuwa Pasaka, halafu komunio ya kwanza. Watoto wamekuja na magauni yao meupe, wengine na vumbi jekundu mpaka magotini, nikawapiga kuanzia kiunoni kwenda juu. Nimekuwekea picha sita. Huyo mwenye pengo ni mjukuu wa Severina, unamkumbuka, anayeongoza kwaya.

Kazi inaendelea vizuri. Wanaume hatupokei, Kajetani anaona si vizuri mwanamume kukaa sebuleni wakati yeye hayupo, na ni kweli, watu wanasema sana. Kuna bibi harusi wa Mbinga alitaka nikapige harusi yake, siku mbili. Kajetani aliongea naye kwenye simu akamweleza kwamba studio yetu ni ya nyumbani. Aliniambia, "Kazi imekufuata hapa hapa. Unatoka kwenda wapi?" Ni kweli kazi imenifuata.

Sokoni sasa anakwenda yeye jioni akitoka kazini. Hata kanisani tunawahi misa ya kwanza ili nirudi kabla wateja hawajafika. Kwa hiyo usinionee wivu wa kuzurura, hata mimi nina kengele yangu!

Mwezi huu wateja wamepungua. Ni msimu wa kuvuna, nadhani.

Dada yako,
Mektilda

N.B. Shemeji Domina, salamu. Tunakuombea sana katika wito wako. Usiwe na wasiwasi na dada yako, yuko salama kabisa nyumbani, hapungukiwi na kitu. Kajetani.


Nyumba ya Unovisi
9 Juni 2024

Dada mpendwa,

Picha ni nzuri mno. Yule mwenye pengo nimemweka kwenye kitabu changu cha sala.

Hapa baridi imeanza, asubuhi maji yanauma vidole. Mimi nimepangiwa jikoni. Mzima.

Nina jambo nataka kusema ila sijui nianzie wapi. Picha zako nimezipanga mezani, zile za Mei na zile nane za wiki iliyopita ulizoleta bila barua. Ya kuku, ya Noela na beseni, ya kamba ya nguo, ya anga. Zote umepigia uani. Ile ya wanafunzi wanaopita barabarani ina nondo za geti mbele yao. Wewe ulikuwa mtu wa kutembea, dada. Ulipiga wauza ndizi wa stendi mpaka wakakuita mjukuu. Mwezi Aprili niliomba kwenye ile kadi ya Pasaka unipigie duka la mama Dorine pale njia panda, tulipokuwa tunanunua ubuyu. Hatua mia mbili kutoka kwako. Ukaniletea picha ya chupa ya soda iliyotoka dukani kwake.

Nauliza tu kama mdogo wako. Shemeji anakuzuia kutoka? Kama kuna tatizo, sema, nimwandikie mjomba Pankrasi kule Namtumbo. Yeye ndiye aliyetulea, atakuja.

Nakuombea wewe na ndoa yako kila jioni.

Domina


Ruhuwiko
30 Juni 2024

Kwa Domina,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako imefika na tumeisoma. Imetusikitisha. Katika nyumba hii hakuna mtu anayemzuia mtu. Mtu aliyejitoa kwa Mungu hapaswi kuingilia ndoa za watu wala kuwasumbua wazee kama mjomba kwa mambo ya kubuni.

Biashara tumeipumzisha kwa muda ili mtoto apate malezi.

Tafadhali usiulize tena mambo ya namna hiyo. Omba tu.

Mama Noela


Nyumba ya Unovisi
14 Julai 2024

Dada yangu,

Nisamehe. Sikujua kama nitakuudhi kiasi hicho. Nililia jikoni, nikasingizia vitunguu. Labda ni huku ndani, mtu anakaa kimya sana mpaka anaanza kuona mambo yasiyokuwepo.

Sitauliza tena. Uniandikie hata mistari miwili.

Mdogo wako,
Domina


Nyumba ya Unovisi
19 Agosti 2024

Bwana Kajetani,
Ruhuwiko, Songea.

Tumsifu Yesu Kristo.

Jumapili tarehe 8 Septemba wanovisi wetu sita wa mwaka wa pili wataweka nadhiri zao za kwanza. Tunahitaji mpiga picha. Maandalizi yatafanyika ndani ya nyumba, ambako mwanamume haruhusiwi kuingia, hivyo tunamhitaji mwanamke. Nimeona kazi ya mke wako katika barua alizomwandikia mdogo wake na nimeridhika nayo.

Gari letu litampitia Ijumaa tarehe 6 saa tatu asubuhi. Atalala kwetu, kwa kuwa kuna shughuli siku zote tatu. Aje na mtoto pia, tunahitaji msichana mdogo wa kubeba maua.

Baba Paroko wako nimeshamjulisha. Amefurahi kwamba familia ya parokia yake inashiriki.

Wako katika Kristo,
Sista Kunegunda
Mlezi wa Wanovisi


Ruhuwiko, Songea
26 Agosti 2024

Sista Mheshimiwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni heshima kubwa kwetu. Simkatazi mke wangu kitu chochote, hasa kazi ya Mungu. Gari msihangaike, nitawaleta mwenyewe siku hiyo, na nitakaa hapo mapokezi kama mna nafasi, nimsaidie kubeba vifaa.

Kajetani


Nyumba ya Wageni, hapa kwenu
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mdogo wangu Domina,

Tumekuwa chini ya paa moja siku tatu na hatujaongea hata robo saa. Wewe ulikuwa na zamu ya jikoni, mimi nilikuwa na kamera. Mchana huu lori la masista linakwenda Namtumbo kuchukua mahindi na mimi na Noela tutapanda. Barua hii nimempa Sista Kunegunda mkononi. Amesema hataifungua. Namwamini.

Nataka ujue kwamba ile barua ya Juni niliandika mimi, kwa mkono wangu. Ulipouliza kama ananizuia, Kajetani aliisoma barua yako kwa sauti mezani, polepole, kama somo la kanisani. Halafu akaniwekea karatasi. "Andika unavyotaka," akasema, na akaenda kusimama nyuma ya kiti changu. Sikusikia hata pumzi yake. Niliandika alivyotaka yeye.

Hajawahi kunipiga, Domina. Hilo ndilo lililonichelewesha. Ningemwambia nani nini? Mume anakwenda sokoni kwa niaba yangu. Mume ameninunulia kamera. Kila jambo lilikuja dogo, tena na sababu yake. Geti lilifungwa kwa sababu ya wezi, ufunguo ukabaki kwake kwa sababu mimi nasahau, na simu yangu ilipoharibika kioo akaipeleka kwa fundi, haijarudi. Wateja walipokoma nilidhani kazi yangu mbaya. Nilikuwa nakaa pale sebuleni mbele ya lile shuka, nimechana nywele, nasubiri. Wiki nzima. Siku moja baada ya misa Severina akanishika mkono akaniuliza, "Mektilda, mbona umeacha kazi? Nimepiga mara tatu, mumeo anasema umechoka." Nilimwambia ndiyo, nimechoka. Kajetani alikuwa amesimama pembeni yetu.

Baada ya barua yako kamera ikaingia kabatini kwake. Akawa anaitoa Jumapili, nampiga yeye na Noela, anairudisha.

Barua ya Sista ilipokuja nilijua nimeitwa kugombezwa kwa ajili yako. Nilifika hapa Ijumaa nimeshajiandalia maneno ya kukuombea radhi. Kajetani alibeba stendi ya kamera na kusalimia kila mtu, unajua anavyojua kusalimia. Pale kwenye mlango wa ndani Sista Kunegunda akapokea stendi mkononi mwake. "Asante, baba. Hapa ndipo mwisho wako. Chai yako iko mapokezi." Akafunga mlango. Domina, ule mlango wenu wa mbao unalia vibaya, lakini nilipousikia nilitaka kukaa chini.

Tukatembea kwenye korido. Akasema bila kunitazama, "Nimesoma barua zako zote. Ndiyo kazi yangu."

Nikaanza kuomba radhi kwa niaba yako.

"Sikuulizi habari za Domina," akasema. "Nauliza habari za anayejiita Mama Noela. Barua mbili umetia sahihi kwa jina lako, ya tatu ukalificha. Una pa kwenda?"

Nilisema sina. Kisha nikasema kwa mjomba Pankrasi. Kisha nikasema sijui, Sista, mimi ni mke wa mtu.

"Hayo hutanijibu leo. Leo piga picha."

Nikapiga. Mwanzoni picha mbili zilitoka na ukungu. Lakini yule mnovisi mnene alipokuwa anafungwa shela akaanza kucheka, na nikajisikia nasema, "Geuka dirishani kidogo. Hapo. Usiondoke." Sauti ilikuwa ya zamani, ile ya studio. Sikuwa nimeisikia kwa miezi.

Jana baada ya chakula Kajetani akasema muda wa kurudi umefika. Tulikuwa mapokezi, sisi wawili, na Sista Kunegunda amekaa pembeni na ungo anachambua mchele. Alichambua tu.

"Mama Noela, twende. Gari la watu nimeazima."

"Siendi."

Akacheka. "Umechoka. Utalala njiani."

"Sijachoka. Wewe ndiye unayewaambia watu nimechoka. Siendi, Kajetani. Nakwenda kwa mjomba na mtoto."

Akamtazama Sista, akashusha sauti. "Nimekukosea nini? Niambie hapa mbele ya mtu wa Mungu. Nimekupiga? Nimekunyima chakula?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yakapotea yote. Nikasema, "Nataka kwenda dukani kwa mama Dorine." Ndicho kilichotoka. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, na labda nilionekana hivyo. Halafu akalia. Machozi ya kweli, Domina, siwezi kumsingizia. Nilikaribia kuchukua mkoba wangu. Naapa, mkono ulikuwa tayari kwenye mkanda.

Alipoona sinyanyuki akafuta uso, akavuta mkoba wa kamera. "Hii niliinunua mimi." Nikamwambia asubiri. Nikafungua, nikatoa memori kadi yenye picha za masista, nikampa kamera na stendi na chaja yake. Akaondoka bila kumuaga Noela.

Sasa najua nilichokifanya. Sina kamera, sina simu, nina magauni mawili. Usimwandikie Kajetani.

Mektilda


Nyumba ya Unovisi
6 Oktoba 2024

Dada yangu mpendwa,

Nimesali muda mrefu kabla ya kuandika. Sista amenipa barua yako ikiwa imefungwa kama ulivyoifunga.

Dada, nilikuwa nimebeba chai siku ile. Nilimwona shemeji akitoka mapokezi. Aliegemea gari na kulia kama mtoto, na nikamwonea huruma. Nimeshindwa kuiondoa ile sura. Mimi ndiye niliyeanza maswali yale ya picha, na sasa nyumba yako imevunjika na Noela hana baba karibu. Mlipofunga ndoa nilikuwa nimeshika maua. Tulifundishwa kwamba mlichokiahidi pale si cha kuondoka nacho kwenye lori la mahindi.

Simtetei. Nimesikia yote uliyosema. Lakini je, mtu hawezi kubadilika akiombewa? Naomba kila siku urudi nyumbani kwako kwa amani, naye awe mtu mwingine.

Usikasirike. Nakupenda, nami sijui kitu kingine cha kuomba.

Domina


Namtumbo
3 Novemba 2024

Mdogo wangu Domina,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijakasirika. Nilikaa na barua yako wiki mbili, nikaogopa kwamba umesema kweli, kisha nikaamka siku moja sioni tena hivyo. Ndiyo maana naandika leo.

Mjomba Pankrasi ametupa chumba cha mwisho, kile kilichokuwa kinahifadhi tumbaku. Noela ananuka tumbaku mpaka nywele. Analala vizuri. Mimi silali vizuri. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo mbele ya nyumba, naamka kuhakikisha komeo la mlango. Shangazi haongei nami sana. Anaona nimeleta aibu, na kila jioni ananiambia jinsi alivyovumilia yeye. Kwa hiyo usidhani nimetoka kwenye nyumba nikaingia uwanjani. Hapa napo kuna kuta.

Masista walisafisha picha za nadhiri mjini na wakanilipa. Nimenunua simu iliyotumika yenye kamera nzuri. Nilianza na wakulima wa chama cha ushirika, wanahitaji pasipoti saizi kwa ajili ya vitambulisho. Sina sebule. Nakwenda kwao. Mzee Majidi amenisimamisha mbele ya bani lake la kukaushia tumbaku akaniambia nimpige na mke wake, miaka arobaini hawajawahi kupigwa pamoja. Yule mama alikataa kutabasamu. Akasema, "Piga hivyo hivyo, ndivyo nilivyo." Nikapiga. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani.

Watu wanasema ovyo ninapopita na Noela mgongoni. Mwanamke aliyeacha mume anazunguka na simu kwenye majumba ya watu. Nawasikia. Nasalimia, napita.

Sasa sikia la muhimu. Jumamosi ijayo kuna kikao. Kajetani anakuja na kaka yake mkubwa na wazee wawili wa jumuiya. Ameandika barua kwa mjomba, barua nzuri sana, nimeisoma mwenyewe. Anasema amekosa, anasema ataondoa kufuli, anasema kamera iko mezani inanisubiri na bango amelipaka upya kwa namba yangu. Mjomba aliposoma hapo alinitazama kwa matumaini. Shangazi ameshaanza kumkunjia Noela nguo.

Na mimi, Domina, nitakuambia wewe peke yako. Kuna saa nataka kurudi. Nikiwaza ule mwanga wa dirisha la mashariki, na Noela akiuliza baba yuko wapi, na huyu aliyeandika kwa upole namna hii ndiye yule niliyemkumbatia mlangoni. Akija akalia tena mbele ya wazee, na wote wakanigeukia wakinisubiri, sijui kama sauti itatoka. Mara ya kwanza Sista alikuwepo na ungo wake. Jumamosi hatakuwepo.

Hanishiki mtu mkono. Hakuna geti hapa. Na bado najiona kama niko nyuma yake, nasubiri anifungulie.

Umeniambia unaniombea nirudi. Najua unafanya kwa upendo na sikulaumu. Lakini ninyi huko mnaamka mapema kuliko sisi, na sala zenu naamini zinafika kwanza. Kwa hiyo nakuomba, kwa kuwa sina mwingine wa kumwomba hili: tangu leo mpaka Jumamosi, ukipiga magoti, badilisha maneno. Mwambie Sista Kunegunda naye abadilishe, kama alikuwa anaomba hivyo, ingawa sidhani.

Niombee nisirudi.

Dada yako,
Mektilda